Watoto wa migodi na diploma: nani anafika, nani anabaki njiani?

Siku matokeo ya Examen d'Etat yanatoka, mu Likasi watu hawalali. Ku Kikula, ku Panda, ku Shituru, kila lupango lililo na mtoto aliyefaulu linajulikana kwa makelele yake. Watoto wanamwagiwa poudre nyeupe ku kichwa, bamama wanapiga vigelegele, baba anatafuta feza ya kununulia majirani chupa. Ni furaha ya haki, na sisi pia tunaifurahia. Lakini nyuma ya wiki mbili poudre imekwisha kutoka ku nywele, na swali linaingia mu nyumba: huyu mtoto sasa atasoma wapi, na nani atalipa minerval?

Njo swali hilo tunataka kuzungumza leo na ninyi, ndugu zetu wa migodi, bababa na bamama. Na tunasema wazi tangu mwanzo: kati ya diplome d'Etat na diploma ya universite kuko mto mpana, na si akili ya mtoto inayochagua nani atauvuka. Vitu vitatu njo vinachagua: pahali alipozaliwa, feza ya nyumba yao, na kama ni kijana mwanaume ao binti. Mwenye kufanya kazi ya mgodi atatuelewa upesi. Vilima viwili vinaweza kuwa na teneur moja ya shaba, lakini kile chenye barabara njo kinachimbwa, na kingine kinabaki na majani yake. Watoto wetu nao ni vile.

Hesabu ya dunia inatuonyesha umbali. UNESCO inahesabu kwamba, ukilinganisha na vijana wote wenye umri wa kusoma universite, dunia nzima inafikisha karibu 40 ku 100 mu masomo ya juu. Mu Kongo hatufiki 10 ku 100. Na hao wachache hawakugawanywa sawa mu jimbo, mu mtaa, wala mu nyumba.

Tulitoka wapi

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Kongo nzima ilikuwa na watu karibu milioni 14, na wenye diploma ya universite hawakufika 30. Wengine wanahesabu 16 tu. Paul Panda Farnana alikuwa amepata diploma ya kilimo ku Vilvoorde, Ubelgiji, mu 1907. Nyuma yake ikapita karibu miaka 50 mpaka Thomas Kanza akamaliza universite ya Louvain mu 1956. Universite ya Lovanium, karibu na Léopoldville, ilifunguliwa mu 1954. Ile ya Elisabethville, mama ya UNILU ya leo, ilifunguliwa mu 1956, miaka mine tu mbele ya uhuru.

Umaskini huo wa diploma haukutoka ku kichwa cha Mwafrika. Ulipangwa. Wakoloni walitaka shule ya chini kwa watoto wengi na shule ya juu kwa karibu hakuna mtu. Union Minière, iliyozaliwa mu 1906, ilitaka mashini iwe na mtu wa kuiendesha, ukuta uwe na fundi wa kuujenga, na ofisi iwe na karani wa kuandika. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilichagua kuweka mfanyakazi mu kambi pamoja na bibi na watoto, juu ya kupata wafanyakazi wasiohama. Shule ikaja mu kambi, mikononi mwa wamisionere. Vijana wanaume walifundishwa kusoma, kuhesabu na kazi ya mikono. Mabinti walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, maana yake kuwa bibi wa mfanyakazi wa kesho. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya universite ni Sophie Kanza, ku Lovanium, mu 1964. Uhuru ulikuwa umepita miaka mine.

Nyuma yake, mu 1967, ikaja kampuni ya serikali, ile tuliyozoea kuita Gécamines. Wazee wetu wangali wanakumbuka: posho, hospitali, shule yenye benchi, mwalimu aliyelipwa mwisho wa mwezi. Mfanyakazi wa kawaida aliweza kufikiri mtoto wake ataingia universite bila watu kumcheka. Diploma nyingi za wazee wa Likasi, wale wainjinia, waganga na walimu wenye mvi leo, zilitoka mu mshahara ule.

Halafu mshahara ukakatika. Mu 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476.000 za shaba. Mu 1994 ilikuwa imeanguka mpaka karibu tani 30.000. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kwa départ volontaire, na wengi wanalicheka jina hilo mpaka leo, kwa sababu hawaoni hiari ilikuwa wapi. Mu miaka ile ile, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali iliacha mwalimu ku mgongo wa bazazi: prime kila mwezi, ao mtoto anafukuzwa. Feza ya départ ilipokwisha, nyumba nyingi zilifanya hesabu ya huzuni: tuko na watoto sita, tunaweza kulipia wawili, tuchague nani? Tuko na kizazi kizima mu Likasi, leo wenye miaka 35 mpaka 45, ambao baba yao alisoma kuwapita. Mu nchi inayotembea mbele, kitu hicho hakipaswi kuonekana.

Kuko jambo lingine wakaaji wa mji huu wanalijua vizuri kupita wengine. Diploma zikiwa chache, watu wanaanza kuzihesabu kwa kabila. Mu miaka ya 1970 serikali iliweka quota, kila jimbo na nafasi zake mu universite, juu ya kujaribu kusawazisha. Mu 1992 na 1993 hesabu ya namna hiyo iliingia mu siasa ya Katanga, nani ana kazi, nani ana ofisi, nani ana diploma. Mu Likasi maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu nyumba zao na mu kazi zao. Walilala ku gare muda mrefu wakingoja treni, na wengine walikufa pale pale. Kati yao walikuwa walimu wengi. Watoto waliobaki, wa kabila zote, walikuta darasa bila mwalimu. Kwa hiyo mtu asichukue maneno yetu ya leo na kuyageuza kuwa hesabu ya kabila. Hesabu yetu ni ya barabara, ya mshahara, na ya binti anayebaki ku jiko.

Pahali unapozaliwa

Tangu 2015 Katanga ya zamani ni majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ku Lubumbashi kuko UNILU, na ku Kolwezi, Kamina na Kalemie kuko universite zinazobeba jina la miji ile. Hapa kwetu kuko Universite ya Likasi, UNILI, iliyoanza kama tawi la UNILU. Na ku Mulungwishi, si mbali na mji, kuko universite ya Wamethodiste. Ukihesabu milango, utasema ni mingi. Lakini universite si mulango tu. Ni laboratware yenye vifaa, ni maktaba yenye vitabu vya leo, ni profesa anayeishi pale, asiyepita siku tatu na kurudi alikotoka. Vitu hivyo vingi vingali vimekusanyika ku Lubumbashi.

Likasi na Lubumbashi ni kilomita karibu 120 tu. Kwa lori la mineré ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa mtoto wa mfanyakazi wa kibarua ni ukuta. Kutafuta chumba, kulipa mwezi wa mbele na garantie, kula kila siku, kununua syllabus, kulipa usafiri: hesabu hiyo inapita minerval yenyewe. Mtoto anayesoma hapa hapa analala kwao na kula bukari ya mama yake. Ndiyo maana tunasema bila kuogopa: universite ya mji mdogo, hata ikiwa na upungufu, inaokoa watoto wengi kuliko universite kubwa ya mbali. Kuitukana haitusaidii. Kudai ipate vifaa njo kunatusaidia.

Na bado mtoto wa Likasi ana bahati kuliko mtoto wa Kambove, na huyo wa Kambove kuliko mwenzake wa kijiji ambako shule ya sekondari ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Anayeishi karibu na carrière yuko na mtego mwingine: mgodi unalipa leo. Sheria inakataza mtoto chini ya miaka 18 kuchimba, tunajua wote. Lakini kijana wa miaka 15 anayebeba mifuko na kurudi jioni na feza mkononi anakuwa mkubwa mu nyumba, na hakuna anayemuuliza cahier. Mwaka unaofuata harudi mu masomo. Vile njo mgodi unakula wateja wa universite mbele hawajafika ku Examen d'Etat.

Tusifikiri ni Katanga peke yake. Tuangalie Marekani, nchi yenye universite ambazo dunia nzima inazitamani. Mu jimbo la Massachusetts, karibu nusu ya watu wazima wana diploma ya universite. Mu West Virginia, jimbo la wachimbaji wa makaa ya mawe, ni karibu mmoja ku wanne, na jimbo hilo linakaa siku zote ku mwisho wa orodha. Watu wa West Virginia si wajinga. Miaka mingi mgodi uliwapa mshahara mzuri bila kuwauliza diploma, na baba alimwambia mtoto: "Njoo, kazi iko." Mashini zilipochukua kazi, na migodi ikaanza kufungwa, watoto walikuwa wamechelewa. Sisi wa Likasi tunaweza kujisoma mu historia ile kama mu kioo.

Ku upande wa pili wa mpaka wetu kuko mfano mwingine. Zambia ilipopata uhuru mu 1964, ilikuwa na wenye diploma ya universite karibu 100 tu. Mu 1966 ilifungua universite yake ku Lusaka, na wananchi wa kawaida walichanga juu ya kuijenga. Mu 1987 ikafungua nyingine ku Kitwe, katikati ya migodi ya shaba, juu ya watoto wa Copperbelt wasilazimike kusafiri mbali. Kitwe ni mji wa wachimbaji kama wetu. Zambia nayo ilipata shida na shaba yake, lakini ilielewa kwamba pahali shaba inapotoka, injinia naye apate pa kutokea.

Binti anayebaki ku jiko

Sasa tuingie mu nyumba, pahali ambapo serikali haionekani na kila mmoja wetu ni waziri wa elimu.

Watoto wawili wamefaulu mwaka mmoja, kijana mwanaume na dada yake. Feza inatosha kwa mmoja. Tunajua wote nani ataenda. Baba hasemi kwamba binti hana akili; mara nyingi binti njo alipata pourcentage kubwa. Anasema: "Huyu ataolewa, diploma yake itaenda ku bwana yake." Mama naye, aliyeamka saa kumi ya usiku kutengeneza vitu vya soko, anajua kwamba bila binti huyo nyumba haisimami: nani atachota maji, nani atapika, nani atabaki na wadogo? Kwa hiyo mgodi unamvuta mtoto mwanaume na nyumba inamvuta binti, lakini kuko tofauti moja: kijana akitoka mu carrière anaweza kurudi masomoni siku moja, binti akiingia mu ndoa na miaka 16 ni vigumu sana arudi.

Sheria ya 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza ndoa mbele ya miaka 18. Constitution ya 2006 inasema usawa wa mwanamke na mwanaume. Maneno ni mazuri. Lakini sheria haiji kukaa ku meza yetu mu mwezi wa Oktoba, siku ya kugawanya feza. Ni sisi tunakaa pale.

Na tusifiche kitu. Binti akifika universite, vita haijaisha. Wanafunzi wa nchi yetu wana jina la kucheka na kulia: "points sexuellement transmissibles". Kila mtu analijua, mpaka wimbo wa kuchekesha umelizoea, na hapo njo ubaya wake. Baba mwingine anamzuia binti kusoma kwa sababu ya hofu hiyo, na hatuwezi kumwambia hofu yake ni bure. Tunamwambia tu: dawa si kumfungia binti mu nyumba. Dawa ni kumfukuza mwalimu anayeuza points. Chuo kiweke pahali pa kulalamika ambapo binti hatageuzwa kuwa mwenye kosa, na kopi ya mtihani isahihishwe bila jina. Mzazi anayelipa minerval ana haki ya kudai hayo.

Ulaya na Marekani mambo yamegeuka. Ku Marekani, tangu miaka ya 1980, mabinti wanaopata diploma ya universite ni wengi kuliko vijana wanaume. Hakuna aliyebadilisha vichwa vyao. Milango ilifunguliwa, na bazazi wakaacha kuchagua kwa jinsia. Kumbe teneur ilikuwa pale siku zote.

"Diploma haileti kazi"

Tunalisikia neno hili kila siku, na tunaliheshimu kwa sababu lina ukweli ndani. Kuko mwenye licence anayeuza unités ku barabara. Kuko injinia anayeendesha taxi-moto. Kuko aliyesoma droit na leo ni mmoja wa bacreuseurs. Mzazi aliyeuza kipande cha lupango chake juu ya diploma ile ana sababu ya kukasirika.

Lakini tuangalie vizuri. Kwanza, diploma si zote sawa. Tangu 1989 serikali ilifungua mulango kwa universite za watu binafsi, na zikaota kama uyoga nyuma ya mvua. Ziko nzuri, ziko pia zile ambazo ni nyumba tu yenye kibao. Wizara ilifanya uchunguzi mara kadhaa na kufunga baadhi. Mzazi asilipe hata franka moja mbele ya kuuliza: chuo hiki kina arrêté ya serikali? Profesa wake ni nani? Wanafunzi wanafanya stage wapi?

Pili, mji wetu unasukuma watoto wengi mu droit na mu sayansi za siasa, kwa sababu hazihitaji laboratware, wakati kampuni zinazotuzunguka zinatafuta electromécanicien, mwenye kemia, mwenye métallurgie, mwenye géologie, mwenye kujua mazingira na usalama wa kazi. Tunaona mashini kubwa zikipita barabara kuu, na tunauliza kwa nini mwenye kuzitengeneza anatoka mbali. Jibu moja ni hili: hatukumsomesha wa karibu. Jibu lingine ni kwamba anapokuwepo hapewi nafasi, na hilo tutaendelea kulisema pia.

Tatu, sheria ya Februari 2017 juu ya sous-traitance inataka kazi hizo zifanywe na kampuni ambazo Wakongomani njo wenye sehemu kubwa ya mali. Lakini kampuni inahitaji mtu wa kusoma mkataba, kupiga hesabu ya bei, kuandika dossier. Bila watu hao, sheria inabaki ku karatasi, na Mkongomani anaazima jina lake tu kwa mwingine.

Kuko pia badiliko ambalo bazazi wengi hawajaelezwa. Zamani mtoto alisoma graduat miaka mitatu, halafu licence miaka miwili. Maskini wengi waliishia graduat. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi iliingia mu mfumo wa LMD: licence inapatikana nyuma ya miaka mitatu na crédits 180, na master nyuma ya miaka miwili mingine na crédits 120. Maana yake, neno "licence" la leo si lile la zamani. Licence ya zamani ilikuwa miaka mitano. Mtoto akikuambia "nimemaliza licence", muulize ni ya mfumo gani, na umwambie mapema kama nyumba itaweza kumfikisha ku master. Ni vizuri kupanga miaka mitatu kwa uhakika kuliko kuota miaka mitano na kukatika mu wa pili.

Feza iko, tuulize njia yake

Mpaka hapa mtu atasema: mnatuhubiri, na feza hatuna. Ni kweli, mfuko wa mfanyakazi hautoshi. Lakini feza ya udongo huu iko, na sheria imeandika njia yake. Kongo inatoa karibu 70 ku 100 ya cobalt ya dunia, na inahesabiwa kati ya nchi za kwanza za shaba.

Sheria ya migodi iliyobadilishwa Machi 2018 inagawanya redevance minière hivi: ku kila dola 100, 50 zinaenda Kinshasa, 25 zinaenda ku jimbo, 15 zinaenda ku mji, commune ao chefferie pahali mgodi ulipo, na 10 zinaenda ku mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hiyo, kampuni inayochimba inapaswa kutoa angalau 0,3 ku 100 ya feza yote ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wakaaji wa karibu. Na kuko cahier des charges, mkataba ambao wakaaji na kampuni wanaandikishana.

Tupige hesabu pamoja. Kampuni ikiuza kwa dola milioni 100 mu mwaka, 0,3 ku 100 ni dola 300.000. Tuseme mwanafunzi mmoja anatumia dola 1.000 kwa mwaka, pamoja na chakula na syllabus. Ni wanafunzi 300. Kampuni moja, mwaka mmoja. Hatusemi feza yote iende mu bourse. Maji safi na maternité vinahitajika pia. Tunasema sehemu moja, hata ya tano, iandikwe wazi: bourses za masomo ya juu, nusu yake kwa mabinti, na nafasi ya kwanza kwa masomo ya ufundi na sayansi. Hiyo ya tano peke yake ni wanafunzi 60, na kati yao mabinti 30 ambao leo wako ku jiko.

Na ule mfuko wa vizazi vijavyo, je? Kama kijana aliye ku benchi ya shule leo si kizazi kijacho, basi kizazi hicho ni nani?

Tumezoea kuona feza ya maendeleo ikigeuka kuwa ukuta uliopakwa rangi na kibao cha kupiga picha. Bourse haina kibao. Mtu hawezi kukata utepe ku kichwa cha mwanafunzi. Labda ndiyo sababu wakubwa wanaisahau. Lakini shimo litafungwa siku moja, shaba haioti tena, na kitu kitakachobaki mu mji ni kile watoto wetu wanakijua.

Tunaomba nini

Kwa bazazi: mwezi wa kugawanya feza ukifika, muweke bulletins za watoto ku meza, si jinsia yao. Anayefaulu vizuri njo aende kwanza, na kama ni binti, kazi za nyumba zigawanywe ku kaka zake. Na kijana wa miaka 15 asitukuzwe kwa feza ya carrière.

Kwa syndicats na makamati ya mitaa: ombeni hesabu ya zile 15 ku 100, mwaka kwa mwaka, kwa maandishi, na musome cahier des charges ya kampuni inayowazunguka. Mtu mmoja akiuliza atafukuzwa ku mulango. Mtaa mzima ukiuliza utajibiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa wakubwa wa mji na wa kampuni: andikeni orodha ya bourses ku ukuta wa commune, majina na shule walizotoka, juu ya kila mtu ajue kama zilienda kwa mtoto wa mfanyakazi ao kwa mtoto wa ofisi. Pokeeni wanafunzi wa Likasi mu stage mbele ya kulalamika kwamba hawajui kazi.

Kwa vyuo vyetu: linda binti, lipa deni la laboratware, fundisha kile nchi hii inachimba.

Haraka iko. Shule ya msingi ilitangazwa bure mu Septemba 2019. Watoto walioingia mwaka wa kwanza siku ile, na kati yao mabinti wengi ambao mbele wangebaki nyumbani, watakaa ku Examen d'Etat mu 2031, kama sekondari, ambayo ingali inalipwa, haitawakata njiani. Watakuwa wengi kupita wale tuliowahi kuona. Hesabu ya nafasi zao, ya bourses zao na ya walimu wao inaanza sasa, mu budget ya mwaka huu, na ku meza ya kila nyumba.